Uchambuzi wa kisa: Gazeti la kila siku na kampuni ya simu iliyogeuka chumba cha habari

Kisa hiki kinahusu gazeti moja la Kiswahili linalotoka kila siku nchini Tanzania (hapa tunaliita Gazeti) na kampuni moja ya simu inayouza intaneti (Kampuni). Katikati yao alikuwapo msambazaji wa kati, yule anayemiliki mitambo ya kuunganisha wenye maudhui na mitandao ya simu. Majina, mji, tarehe za mikataba na viwango halisi vya mgawo wa mapato vimeondolewa. Hesabu ya fedha iliyomo ni ya mfano. Viwango vya kodi ndani yake ni vya Tanzania vya wakati wa kisa hiki.

Hali ilivyokuwa kabla

Gazeti lilikuwa likiishi kwa mauzo ya nakala na kwa matangazo, na matangazo ndiyo yaliyolipa mishahara. Kurasa za rangi zilinunuliwa na makampuni makubwa, na mnunuzi namba moja alikuwa Kampuni yenyewe: promosheni za vifurushi, bahati nasibu, simu mpya. Baada ya hapo zilifuata zabuni za serikali na halmashauri, nafasi za kazi, na mwishoni kurasa mbili za matangazo madogo: nyumba za kupanga, viwanja, magari, fundi wa hiki na kile. Matangazo madogo yalidharauliwa ndani ya jengo kwa sababu kila moja lilileta hela ndogo, ingawa yalikuwa yakilipwa taslimu kabla ya kuchapwa. Kampuni kubwa zilikuwa zikilipa baada ya miezi mitatu, na baada ya kukumbushwa.

Nakala zilisafirishwa mikoani kwa mabasi ya alfajiri. Miji ya karibu ilipata gazeti saa 2 au saa 3 asubuhi. Mikoa ya mbali ililipata jioni, na basi likiharibika njiani lilifika kesho yake, likiwa halina mnunuzi. Wakala hulipia alichouza na kurudisha kilichobaki, kwa hiyo kila nakala iliyochelewa ilirudi kama hasara ya mchapishaji.

Mambo yalivyokwenda

Kampuni ilianza na ombi lililoonekana dogo: vichwa vitatu vya habari kila asubuhi saa 12, vitumwe kwa ujumbe mfupi kwa wateja watakaojiunga na kukatwa salio. Idara ya masoko ya Gazeti ilisaini mkataba wa kurasa mbili. Mhariri mtendaji aliuona baada ya kusainiwa. Kifungu kimoja kilisema Gazeti "litaipatia Kampuni maudhui ya habari kwa matumizi katika huduma zake za kidijitali". Hakikutaja ni huduma zipi, kwa muda gani, wala kama Kampuni inaweza kuyaandika upya.

Miezi ya kwanza malipo yalikuwa madogo kuliko ilivyotarajiwa, na hakuna aliyejua kwa nini. Wakati huohuo mawakala wa mikoa ya mbali walianza kulalamika kwamba wateja wanawaambia, "Habari ya leo nimeshaipata kwenye simu."

Hatua ya pili haikuombwa. Kampuni ilifungua ukurasa wake wa habari, ambao mteja aliufungua bila bando kukatwa. Iliajiri wahariri vijana wachache wakawa wanachukua habari za Gazeti, za magazeti mengine na za redio, wanazifupisha na kuzipandisha kutwa nzima. Juu ya ukurasa kulikuwa na nafasi za matangazo, na maofisa wake wa mauzo waliwafuata wenye maduka ya samani, vyuo binafsi na hospitali binafsi, yaani walewale waliokuwa wakinunua robo ukurasa kwenye Gazeti. Hoja yao ilikuwa nyepesi: sisi tunajua tangazo limefunguliwa mara ngapi na katika mkoa gani.

Hatua ya tatu ikagusa mifuko midogo. Kupitia menyu ya nyota na reli, mtu yeyote aliweza kuweka tangazo la kuuza au kupangisha, bure kwa kipindi cha kuanzia. Kurasa mbili za matangazo madogo za Gazeti zikawa moja, kisha nusu.

Gazeti likajibu kwa kukata maudhui. Lilisitisha vichwa vya asubuhi na kuandika barua ya wakili. Ukurasa wa Kampuni haukutetereka, kwa sababu ulikuwa na vyanzo vingine, na kwa sababu sheria ya hakimiliki inalinda jinsi habari ilivyoandikwa, si tukio lenyewe. Kilichotetereka ni Gazeti: robo mwaka iliyofuata oda za kurasa za rangi kutoka Kampuni zilipungua. Hakuna aliyeandika kwamba ni adhabu. Maofisa wa mauzo walielewa hivyohivyo.

Baada ya hapo wakarudi mezani, safari hii mhariri, mhasibu na fundi wa mitambo wakiwa wamekaa pamoja na idara ya masoko.

Kwa nini malipo yalikuwa madogo

Sehemu hii inastahili nafasi kubwa, maana ndiyo ambayo vyumba vingi vya habari huwa haviifungui.

Chukua makato ya shilingi 100 kwa mteja. Ndani yake kulikuwa na ushuru wa bidhaa wa asilimia 17 ya bei ya huduma, na juu ya jumla ya bei na ushuru huo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Ukigawa 100 kwa 1.17 na tena kwa 1.18, inabaki kama shilingi 72.4. Kampuni ikichukua asilimia 60, zinabaki 29. Msambazaji wa kati akichukua asilimia 30 ya hizo, Gazeti linapata shilingi 20 na kidogo. Idara ya masoko ilikuwa imepiga hesabu yake kwa asilimia 40 ya shilingi 100, kwa hiyo bajeti ilikuwa mara mbili ya ukweli tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna tofauti kati ya aliyejiunga na aliyekatwa. Ripoti ya mwezi iliyotumwa kwa Gazeti ilionyesha idadi ya waliojiunga. Lakini mteja asiye na salio hakatwi. Mtambo hujaribu tena baadaye, na akiweka vocha ndipo hukatwa. Wengi walipokea habari siku kadhaa bila kukatwa hata senti, kwa sababu Kampuni iliona heri wabaki kwenye huduma kuliko kuwafungia. Kwake habari ilikuwa kama pilipili ya bure juu ya meza ya mgahawa: haimo kwenye bili, ila inamfanya mteja akae na kuagiza. Kwa Gazeti ilikuwa ndiyo bidhaa yenyewe.

Tatizo la tatu lilikuwa la kiherufi, na ndilo lililochukua muda mrefu zaidi kugundulika. Ujumbe mfupi wa kawaida unabeba herufi 160. Ukiingiza alama moja tu isiyomo kwenye seti ya kawaida ya herufi za simu, ujumbe wote hubadilishwa mfumo na uwezo wake unashuka hadi herufi 70. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 67. Programu ya kuandikia iliyotumiwa na mhariri wa zamu ilikuwa ikigeuza yenyewe alama iliyonyooka katika "ng'" kuwa ile iliyopinda. Neno "wang'olewa", kipenzi cha vichwa vya habari vyetu, lilitosha. Habari ya herufi 150, ambayo ingekwenda kama ujumbe mmoja, ilikwenda kama vipande vitatu. Alama za kunukuu zilizopinda na kistari kirefu zilifanya vivyo hivyo. Gharama ya kutuma ilikuwa inakatwa kabla ya mgawo, kwa hiyo siku ambayo vigogo waling'olewa, Gazeti lililipa mara tatu.

Dawa yake ilikuwa rahisi mno: kuzima marekebisho ya alama kwenye kompyuta ya zamu, kuandika vichwa kwenye kisanduku kinachoonyesha idadi ya herufi, na kutotuma chochote ambacho kihesabuzi kinaonyesha zaidi ya kipande kimoja. Mhariri msanifu alipewa kikomo cha herufi 150, ili zibaki herufi za kuweka maelezo ya jinsi ya kujiondoa.

Maamuzi yaliyofanywa na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, wa kusaini haraka, ulikuwa na mantiki yake. Kampuni ilikuwa mtangazaji mkubwa kuliko wote, na idara ya masoko iliona ombi lile kama fadhila kwa mteja mzuri. Kasoro ni kwamba mtu aliyekuwa anauza kurasa kwa Kampuni ndiye huyohuyo aliyekuwa anaiuzia habari. Mtu wa namna hiyo hawezi kubana pande zote mbili.

Uamuzi wa kukata maudhui ulitokana na hasira, lakini pia na dhana kwamba wasomaji wa ujumbe mfupi walikuwa wa Gazeti. Hawakuwa. Gazeti halikuwa na namba hata moja ya simu ya msomaji wake. Kampuni ilikuwa nazo zote, pamoja na mkoa, muda wa kufungua na uwezo wa kulipa.

Katika mazungumzo ya pili Gazeti liliacha kudai "haki zake" kwa ujumla na kuomba vitu vinavyopimika. Vilivyokubaliwa ni hivi:

- Kampuni inapata kichwa na sentensi moja tu kwa kila habari. Habari kamili inabaki kwenye tovuti ya Gazeti.
- Habari kuu ya ukurasa wa mbele, kama ni ya Gazeti pekee, haitumwi kabla ya saa 6 mchana. Nyingine zinatumwa saa 2 asubuhi.
- Ukurasa wa Kampuni unataja jina la Gazeti na kuweka kiungo cha habari kamili, na kiungo hicho nacho hakikati bando.
- Kila siku linatolewa faili lenye safu tatu: zilizotumwa, zilizofika, zilizokatwa. Tofauti inapingwa ndani ya siku 30.
- Mazungumzo ya habari na mazungumzo ya matangazo yanashikwa na watu tofauti pande zote mbili.

Gazeti liliomba pia namba za wasomaji. Kampuni ilikataa, ikatoa jumla za kila mkoa kwa mwezi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, hilo ni ombi ambalo wakili yeyote wa kampuni ya simu atalikataa bila kufungua faili, na yuko sahihi. Njia pekee ni msomaji kukupa namba yake mwenyewe kwa hiari. Gazeti liliipata njia hiyo kupitia chemshabongo ya Jumamosi, ambapo jibu lilitumwa kwa namba fupi ya Gazeti lenyewe, na fomu ya kukubali kupokea habari ilifuata.

Uamuzi wa nne ulihusu matangazo madogo. Menyu ya Kampuni ilikuwa imejaa haraka, na ikaoza haraka. Ukurasa mmoja wa menyu ya nyota na reli hauzidi herufi 182, na ukitoa "1. Endelea 0. Rudi" unabaki na nafasi ya sentensi mbili tatu za namna ya "Kiwanja kinauzwa, mita 20 kwa 20, piga simu" na si zaidi. Dalali mmoja aliweka kiwanja kilekile mara nne kwa bei nne. Zikaja nyumba za kupanga ambazo mwenye nyumba hajui kama zinapangishwa, na wale jamaa wa "tuma kwenye namba hii" wakataka ada ya kuonyeshwa chumba kabla ya kukiona. Kampuni haikuwa na mtu wa kupiga simu kuhakiki. Huduma ya bure haina bajeti ya karani.

Gazeti lilikuwa naye. Karani wa matangazo madogo, aliyekuwa akisubiri kupunguzwa, alipewa utaratibu mpya. Anayeuza kiwanja analeta nakala ya hati au barua ya serikali ya mtaa pamoja na kitambulisho. Anayepangisha anapigiwa simu, na namba ya mwenyekiti wa mtaa inachukuliwa. Tangazo lililohakikiwa linapewa namba ya kumbukumbu, linachapwa gazetini, linapandishwa kwenye tovuti, na linaondolewa siku mwenye mali anaposema limekwisha. Malipo ni kwa simu kabla ya kuchapwa. Bei ilipandishwa. Wauzaji walinung'unika, ila wanunuzi walianza kuuliza "lina namba ya Gazeti?" na hapo wauzaji wakarudi.

Matokeo

Malipo ya ujumbe mfupi yaliongezeka baada ya tatizo la alama kuondolewa na faili la kila siku kuanza kupitiwa, ingawa hayajawahi kuwa fedha ya kutegemewa. Matangazo madogo yalirudi hadi ukurasa mmoja kamili, yakiwa machache kuliko zamani na yenye bei kubwa zaidi. Robo kurasa za maduka na vyuo hazikurudi kama zilivyokuwa. Sehemu yake ilirudi pale Gazeti lilipoanza kuuza ukurasa pamoja na tovuti kwa bei moja, huku kila tangazo likipewa namba yake ya simu ili mwenye duka ahesabu mwenyewe simu zilizotoka kwake.

Zabuni hazikurudi kabisa.

Uchambuzi

Bodi ya Gazeti ilikuwa imeibebesha Kampuni hasara yote. Daftari la matangazo lilipochambuliwa aina kwa aina, picha ikawa nyingine. Zabuni zilipungua kwa sababu serikali ilihamishia ununuzi wake kwenye mfumo wa kielektroniki, kwanza TANePS na kuanzia 2023 NeST. Nafasi za kazi za umma zilihamia kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na za binafsi kwenye tovuti za ajira. Magari na simu zilizotumika zilikimbilia Facebook, Instagram na magrupu ya WhatsApp. Kilichochukuliwa moja kwa moja na Kampuni kilikuwa matangazo ya maduka, vyuo na hospitali, pamoja na sehemu ya vyumba na viwanja. Hiyo ni hasara kubwa, lakini ni ndogo kuliko iliyokuwa ikitajwa vikaoni, na dawa yake ni tofauti. Huwezi kumshinda mwenye mtandao kwa kupigania zabuni ambazo yeye mwenyewe hana.

Malalamiko ya mawakala nayo yalihitaji kupimwa. Redio na runinga zilikuwa zikisoma vichwa vya magazeti kila asubuhi miaka mingi kabla ya ujumbe mfupi, na wauza magazeti wanajua kwamba nusu ya wanaosimama mezani wanasoma ukurasa wa mbele na kuondoka. Kipimo kilichotumika kilikuwa kulinganisha marejesho (nakala zilizorudishwa bila kuuzwa) ya miji inayopata gazeti asubuhi na ya ile inayolipata jioni, miezi kabla na baada ya huduma kuanza. Katika miji ya asubuhi hakukuwa na tofauti ya maana. Katika mikoa ya mbali marejesho yalipanda. Kwa hiyo ujumbe mfupi uliua nakala iliyochelewa tu, na nakala hiyo ilikuwa mgonjwa tayari. Gazeti lingeweza kupunguza nakala za huko mapema na kuokoa karatasi. Lilichelewa kufanya hivyo kwa sababu idadi ya nakala zilizochapwa ilikuwa inatajwa kwa fahari kwa watangazaji.

Kilichofanya kazi zaidi katika mkataba wa pili ni kiungo kisichokata bando, nacho nusura kiharibike. Wiki za mwanzo wasomaji walilalamika kwamba wakibonyeza habari ya Gazeti bando linaisha. Fundi alipochunguza aligundua kwamba mtandao wa simu unatambua kinachosamehewa kwa kuangalia anwani ya tovuti. Maandishi yalitoka kwenye anwani iliyosajiliwa, lakini picha zilihifadhiwa kwenye seva ya nje yenye anwani nyingine, na matangazo ya mtandao wa kimataifa yalitoka kwenye anwani nyingine kadhaa. Habari ilikuwa bure, picha na matangazo vikalipiwa na msomaji, na uzito wa ukurasa uko kwenye picha. Picha zilihamishiwa chini ya anwani ya Gazeti na kupunguzwa ukubwa. Matangazo ya nje yaliondolewa kwenye toleo la simu, na mapato yake yakapotea. Mhasibu hakupenda. Lakini nafasi zilezile ziliuzwa kwa wenye maduka wa hapa, kwa bei inayojulikana na malipo ya mbele, na kwa tathmini yetu huo ndio ubadilishaji bora kuliko wote katika kisa hiki.

Kuchelewesha habari kuu hadi saa 6 mchana kulifanya kazi nusu. Habari ya uchunguzi, yenye nyaraka na mahojiano, ilivumilia saa zile kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Habari ya mkutano wa waandishi haikuvumilia; kila aliyekuwa ukumbini alikuwa na simu. Mhariri aliishia kutumia kifungu hicho mara chache, na ilikuwa sahihi.

Udhaifu uliobaki ni kwamba kiungo kinaishi kwa ridhaa ya Kampuni. Siku mkataba wa pili ulipokaribia mwisho, anwani ya Gazeti iliondolewa kimakosa kwenye orodha ya zinazosamehewa, na wasomaji wa simu walishuka kabla hata mtu yeyote hajapiga simu kuuliza. Gazeti lilisaini mkataba na kampuni nyingine ya simu kwa masharti yaleyale. Katika huo, orodha ya anwani zisizokata bando ni kiambatisho cha mkataba, mabadiliko yake yanahitaji notisi ya siku 14, na fundi wa Gazeti hujaribu kiungo kila asubuhi kwa laini isiyo na salio.